Ubeti wa Tatu

Seweryn amenipangia visanduku vitatu mezani,
kaniwekea kigoda, chai ya limau,
na onyo: valvu haziharakishwi, mama,
zipe dakika kumi zipate joto, ndipo uzihukumu.
Nje, Łódź imejifunika theluji chafu ya Februari.
Kila tramu ikipita, vioo vya duka vinatetemeka.

Pesa ninazo, nimezidunduliza.
Wacław yuko nyumbani, anasema kikuza sauti chetu kingali hai,
na mwenye masikio ya miaka sabini na minne
hanunui kioo ajitazame gizani.
Sikumjibu. Nilichukua santuri, nikaifunga kwa skafu.

Kwaya ya kiwanda cha nguo, wanawake arobaini.
Siku ile mashine zilizimwa saa mbili nzima ili turekodiwe.
Bwana Hipolit, kiongozi wetu, alinivuta kando:
"Sauti yako inakwenda mrama. Fumbua mdomo tu,
usitoe kitu."
Nikafumbua.
Ubeti wa kwanza nilikuwa samaki.
Ubeti wa pili, samaki.
Ubeti wa tatu nilijisahau.

Miaka hamsini nautafuta ubeti ule.

Kisanduku cha kwanza ni cheusi, laini,
bei yake inakata pumzi.
Lo, kinasema kweli! Kinachambua sauti kama kunde kwenye ungo:
huyu hapa, yule kule, kiatu cha Hipolit kinapiga ubao,
mtu anameza mate.
Nahesabu wanawake. Nafika thelathini na nane, napotea.

Cha pili ni asali. Seweryn anakipenda, macho yanamlegea.
Wote arobaini wamejifunika blanketi moja,
hakuna aliyechoka, hakuna mwenye mafua,
na sisi tulikuwa tumetoka zamu ya usiku!
"Kitamu," namwambia, "lakini ni utamu wa mpishi
anayezidisha sukari uji ulioungua usijulikane."

Cha tatu anakitoa chini ya meza, kwa aibu.
Alikiunda fundi mmoja wa Pabianice, sasa marehemu.
Bati limepinda, swichi ilitoka kwenye redio ya jeshi,
valvu mbili hazifanani hata kwa udugu.
Anaigonga moja kwa kalamu: ting', inalia hadi kwenye spika.
"Hii ina maradhi. Nitakubadilishia."
"Iache."

Mvumo kidogo, kama friji ya chumba cha pili.
Sindano inashuka.
Ubeti wa kwanza. Chai imepoa. Ubeti wa pili.
Halafu, kushoto, nusu pigo nyuma ya wenzake,
sauti inachomoza, pana, haina adabu,
inaishika noti kwa chini
kama mtu anayepapasa ngazi gizani.
Mimi!

Narudisha sindano. Narudisha tena.
Mimi nilisimama kulia.
Kushoto alikuwa Bronia,
Bronia wa mashine namba sita, aliyeniapia
kwamba yeye Hipolit hajawahi kumwambia neno.

Mara ya nne nasikiliza kulia tu.
Chini kabisa ya mvumo kuna kitu,
pumzi, au ncha ya sauti.
"Umesikia?"
"Tramu," anasema Seweryn.

Labda tramu.

Namhesabia zloti, noti kwa noti.
Ananipa valvu za akiba, nzima, pacha.
Nazipokea. Zitakaa kabatini, kwenye kopo la vifungo.
Jioni nitampigia Bronia simu: njoo Jumapili,
ulete sapatu zako, sakafu yetu baridi.
Sitamwambia kwa nini.
Wacław atakuwa pale na gazeti lake, akiguna,
na ubeti wa tatu ukikaribia
nitamtazama Bronia mdomoni.